Idadi ya Wakazi wa Ilongo

Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kurasa ishirini hivi, na kilikuwa kimetoka mbali. Anil alikuwa karani wa meli, na meli yake ilipotia nanga kwenye mji mmoja wa Uhispania, ukingoni mwa Bahari ya Mediterania, alikiokota huko akamtumia dada yake Champa, mwenye duka pale sokoni Singida. Kilikuwa cha picha: bustani, ziwa lenye ndege, msitu wa misonobari, kilima cha mawe kinachotazama bahari. Chini ya kila picha kulikuwa na maelezo ya Kiingereza: kilomita ngapi kutoka mjini, upite wapi, ukifika utaona nini. Champa alikiweka kaunta kando ya mizani, na wateja walikifunuafunua wakisubiri kupimiwa sukari.

Mimi nilikifunua zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane na sijawahi kuvuka Dodoma. Kitu kimoja kilinikera. Katika picha zote hakukuwa na mtu wa pale. Kulikuwa na wageni wenye kofia wakielekeza vidole kwenye ndege, lakini hakuna mama aliyebeba kuni, hakuna mbuzi, hakuna moshi wa jiko la mtu.

"Mama Malti," nilimwuliza Champa, "watu wa huku wanaishi wapi?"

"Wanaishi mjini, Bwana Nathanaeli. Huku kwa kutembea tu."

Nilicheka sana siku hiyo. Kwetu mahali pa kutembea tu hapakuwapo. Kama mahali pana maji na kivuli, basi kuna mtu amejenga, na mtu huyo ana shangazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 barua ilifika ofisini kwetu ikitaka orodha ya maeneo ya asili yanayofaa kuhifadhiwa na kutembelewa kuzunguka mji. Mkubwa wangu, Ndugu Yeremia, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, wa kunywa chai amesimama. Alikuwa amekiona kile kitabu dukani. Akakiazima, akakitupa mezani kwangu, akasema, "Tutengenezee kama hiki. Cha kwetu."

Alichora mwenyewe jedwali la safu nne: jina la eneo, umbali kutoka mjini, kinachoonekana, idadi ya wakazi. Nikaanza na rahisi. Ziwa Singidani, na heroe wake wanaogeuza maji kuwa mekundu asubuhi. Ziwa Kindai, unalifikia kwa miguu kutoka mjini, na mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine bila kuanguka. Nilikwenda kwa baiskeli, nikakaa kwenye mawe, nikaandika. Nakiri nilifurahi. Hakuna aliyewahi kunilipa mshahara kwa kutazama ndege.

Jumamosi nikaenda nyumbani Ilongo, upande wa Mungaa, na huko furaha ikaisha.

Ilongo ni kichaka cha ukoo wetu. Kina mikuyu saba na miti mingine ambayo hata mzee Andrea, ndugu wa marehemu baba, hakujua majina yake, na katikati kuna chemchemi isiyokauka hata Oktoba. Hakuna anayekata fimbo mle. Hakuna anayelala mle. Wazee wetu wamezikwa mle, na kando yake, kwenye mteremko, zilikuwa nyumba zetu tisa, tembe za udongo zenye mapaa bapa. Nyumba ya mama yangu, Theodora, ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na njia ya maji.

Nilipomwamkia hakuitikia marahaba yake ya kawaida. Aliniambia trekta linakuja. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kinapangwa kule barabarani, na shamba la kijiji limepimwa, na vigingi vya wapima vimepigwa mpaka ndani ya kichaka. Mikuyu ingeng'olewa ili ipandwe alizeti.

"Tukihamishwa, sawa, tutahama na wenzetu," alisema. "Lakini wale waliolala mle hawawezi kuhama. Wewe uko ofisini, Nathanaeli. Unashika kalamu kutwa. Andika kitu."

Wakati huo alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima, chini ya mti wa shule, na daftari lake lilikuwa safi kuliko langu la darasa la saba. Alikuwa na imani kubwa sana na maandishi. Alidhani kitu kikishaandikwa kimekamatika.

Niliandika pale pale, juu ya goti, jina la nne kwenye orodha: Ilongo. Umbali, maili ishirini na sita. Kinachoonekana: mikuyu ya kale, chemchemi, ndege, tumbili. Nikafika safu ya nne, kalamu ikasimama.

Kwetu watu hawahesabiwi karibu na kichaka. Ukiwahesabu walio hai mbele ya waliokufa, waliokufa wanajua nani amebaki, nao watamwita. Karani wa sensa alipokuja mwaka 1967 alimwuliza mama ana watoto wangapi. Mama akajibu, "Wapo." Wangapi? "Wanatosha." Yule kijana nusura alie. Mwishowe mzee Andrea alimchukua mpaka ng'ambo ya kijito, mbali na miti, akamkabidhi punje za mahindi kwenye kifuko, punje moja kwa kila mtu, akamwambia akazihesabu mwenyewe mjini kwao.

Mimi ni mtu wa ofisi, nimebatizwa, najua hesabu za kugawanya. Lakini nilikuwa nimekaa hatua thelathini kutoka kwenye kaburi la baba yangu. Nikaweka kistari.

Kichwani, lakini, nilikuwa nimeshahesabu. Sikukusudia, kazi ya ukarani inaharibu mtu. Tulikuwa arobaini na mmoja, pamoja na mimi ninayelala mjini. Nililiona hilo kosa kubwa, nikaosha uso kwenye chemchemi kabla ya kuondoka.

Jumatatu nilimpa Malti achape. Malti alikuwa binti wa Champa, mpiga chapa wetu, msichana asiyeacha kosa hata la nukta. Baada ya nusu saa alikuja na karatasi yangu.

"Ndugu Nathanaeli, Ilongo umeweka kistari. Niandike nini?"

"Andika kistari."

"Mkubwa amesema hataki vistari. Anataka idadi, au neno."

Ningeweza kumwambia arobaini na mmoja. Kati yangu na kile kichaka kulikuwa na maili ishirini na sita. Hakuna mfu angesikia. Badala yake nilimwambia aulize kwa mkubwa, kwa sababu nilikuwa na aibu ya kumweleza msichana wa mjini mambo ya punje za mahindi. Akaenda. Nikamsikia Ndugu Yeremia kupitia mlangoni: "Kistari maana yake hakuna. Andika hakuna."

Karatasi ilirudi kwangu niihakiki. Mstari wa nne ulisomeka: Ilongo, maili 26, mikuyu ya kale na chemchemi, idadi ya wakazi, hakuna. Nikabaki nayo mkononi. Ndugu Yeremia akapita na kikombe chake, akachungulia begani kwangu.

"Hilo la Ilongo zuri sana," akasema. "Tupu! Ndicho wanachotaka. Lingekuwa na watu lingeingia kwenye Operesheni ya kuwahamishia vijijini, tusingeligusa."

Basi nikaelewa, au nikajidanganya kwamba nimeelewa. Nikisahihisha, eneo linatoka kwenye orodha na trekta linaingia. Nikinyamaza, mikuyu inapona, na watu, nani atahangaika kuwatafuta watu wa nyumba tisa kwenye mteremko? Nikachukua kalamu, nikaandika chini: Imehakikiwa, N. Mughwai. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa tano orodha ilikubaliwa. Trekta likageuza, vigingi vikang'olewa kichakani, na kule nyumbani mimi nikawa mtu. Mama alichinja jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimsifu kwa kila mgeni. Sara, binamu yangu, aliniletea asali. Mzee Andrea alinishika mkono mbele ya watu akasema shule yangu haikupotea bure. Nilikula mpaka nikashindwa kufunga mkanda. Mama aliniomba nakala ya ile karatasi aitunze, nikamwambia ziko ofisini, hazitoki.

Mwezi wa tisa Operesheni ilifika upande wetu. Watu wa mabonde yote walikuwa wanahamia barabarani, wengine kwa hiari, wengine wakisukumwa. Watu wa Ilongo hawakufunga hata kapu moja. Walimwambia kila aliyewauliza kwamba wao wako kwenye karatasi ya mkoa, wamehifadhiwa pamoja na miti yao. Nilizisikia habari hizo mjini. Nilijiambia nitakwenda kuwaeleza Jumamosi. Jumamosi zikapita tatu.

Nilikwenda kwa lazima, na gari la ofisi, kwa sababu Ndugu Yeremia alitaka bango lisimikwe. Tulifika saa nne asubuhi. Mgambo walikuwa wametangulia, na Alute, mwenyekiti wa kijiji kipya, alikuwa amesimama uwanjani kwa mama na nakala ya orodha mkononi. Alute ni mtu wa kwetu, alimwoa binti wa ukoo wetu. Mama alimwita shemeji.

"Shemeji, si mimi," alikuwa anasema, na jasho lilikuwa linamtoka. "Hapa ni hifadhi. Hakuna ruhusa ya nyumba, ya mbuzi, wala ya kuchota maji. Karatasi inasema hapa hapakaliwi na mtu."

"Karatasi ameiandika mwanangu," mama alijibu. "Haiwezi kusema hivyo. Lete."

Akanyang'anya. Alikuwa amefika hatua ya tatu ya kisomo. Sijui kama aliniona nikishuka garini. Aliweka kidole kwenye mstari wa nne, akaanza kusoma kwa sauti, kama walivyofundishwa, silabi kwa silabi, na watu wote wa nyumba tisa wakasogea kumsikiliza, kwa sababu walikuwa wanajivunia kwamba Theodora anasoma.

"I-lo-ngo." Akatabasamu kidogo. "Ma-i-li... hii ishirini na sita. Mi-ku-yu ya ka-le. Na che-mche-mi." Kidole kikasogea. "I-da-di ya wa-ka-zi."

Akatua. Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti.

"Ha-ku-na."

Ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali aliyoisoma mwenyewe maishani mwake. Alute aliivuta taratibu kutoka mkononi mwake na kuikunja kabla kidole hakijafika chini, kwenye jina langu.

Ndipo aliponiona. Nikamsogelea, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Nani kaandika hivi?"

Watu wote walinitazama: Sara, mzee Andrea na fimbo yake, watoto. Nyuma yangu Ndugu Yeremia alikuwa anashusha bango. Nikasema, "Mpiga chapa alikosea, mama. Binti mmoja wa Kihindi. Nitarekebisha."

Mama alishusha pumzi. Alinihurumia, hilo niliona wazi usoni pake, alinihurumia mimi. "Basi rekebisha upesi," alisema, akaingia ndani kutoa vyungu.

Hapakuwa na kurekebisha. Nguzo zilivutwa na mapaa ya udongo yakaanguka, nyumba moja baada ya nyingine, na vumbi lilikaa hewani mpaka adhuhuri. Nilisaidia kubeba. Nilibeba kinu cha mama mpaka kwenye lori na hakuna aliyenikataza. Bango lilisimama vizuri: Eneo la Asili la Ilongo, Karibu.

Ndugu Yeremia alikuwa ameyasikia maneno yangu uwanjani. Tuliporudi alimwita Malti, na mimi nilikuwa nimekaa umbali wa meza mbili. Malti alisema, "Mzee, wewe ndiye uliyeniambia niandike hakuna." Mkubwa akasema hakumbuki. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikasema kulikuwa na kazi nyingi siku ile, huenda sote hatukuelewana. Mwisho wa mwezi Malti hakuwa na kazi tena. Nilipokwenda dukani kwa Champa, alinipimia sukari, akachukua kile kitabu cha kaka yake juu ya kaunta akakitia kwenye droo. Sikurudi tena pale. Nilianza kununua sukari upande wa pili wa soko.

Maisha ya barabarani yalikuwa magumu, hata kama zahanati ilikuwa karibu na shule ilikuwa na bati. Maji yalikuwa mbali, na mbuzi waliibwa. Mzee Andrea alikaa mvua moja tu. Alizikwa kando ya barabara, kwenye udongo mwekundu, peke yake, kwa sababu kuingiza maiti hifadhini hakukuruhusiwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochimba.

Mwaka 1975 mama alifaulu mtihani wa kisomo. Alikuja mjini kuuza kuku, kisha, bila kunipitia, akaulizia mpaka akafika dukani kwa Champa. Alikuwa ameishi mwaka mzima akiamini binti wa Kihindi alimvunjia nyumba, na alitaka kumwona huyo binti, amwulize. Hayo nilihadithiwa na Sara aliyefuatana naye. Malti hakubishana naye. Alileta rasimu yangu, ile ya goti, na nakala yake ya karatasi iliyochapwa, alizokuwa amezitunza tangu afukuzwe, akaziweka zote mbili juu ya kaunta. Mama alisoma. Kistari alikielewa mara moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kutohesabu watu. Kisha kidole kikashuka mpaka chini kabisa, na safari hii hapakuwa na Alute wa kukunja karatasi. Imehakikiwa, N. Mughwai. Sara anasema mama alimwomba Malti msamaha, akamwachia Champa kuku mmoja, wakatoka.

Kwangu hakusema kitu. Nilikwenda kumwamkia kijijini, akaitikia, akanipa ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza habari za kazi. Nilijua anajua. Sikuthubutu kuanza.

Mwezi wa kumi nilitumwa Ilongo kukagua kitabu cha wageni. Mathayo, mlinzi, kijana wa upande wetu, alikuwa amejengewa kibanda pale palipokuwa uwanja wa mama. Kitabu kilikuwa na majina saba tu, yote ya watu wa ofisini kwetu. Nilikuwa nakifunga nilipomwona mama anapanda njia. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, na hakuwa na ndoo wala kuni.

"Shikamoo, mama," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Nimekuja kutembea," alisema. "Si mnasema karibu?"

Mathayo alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akamsogezea kitabu kwa heshima. "Jina, mama, na unakotoka, na idadi ya mlioongozana. Hapo weka moja tu."

Mama aliandika Theodora, herufi kubwa, safi. Kwenye unakotoka akaandika Ilongo. Akafika safu ya tatu. Akainua macho akatazama mikuyu, karibu kabisa, majani yake yanasikika, akaanza kwa sauti, nyumba kwa nyumba, kuanzia ya juu, kama tulivyokuwa siku ya ile karatasi, hata marehemu Andrea.

"Andrea. Mkewe. Yohana wao. Watatu. Sara. Maria wa Sara, na wadogo zake wawili. Saba."

Mathayo alivua kofia, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Mama," nikasema, "usihesabu. Hapa usihesabu."

"Kwa nini? Karatasi inasema hatupo. Watamwita nani?"

Akaendelea. Hakuruka hata mtoto wa kunyonya. Kila alipotaja jina nilikuwa naiona ile tembe yake, mlango wake, mbwa wake. Nyumba ya saba, ya nane. Sauti haikupanda wala haikushuka. Alipofika nyumba ya tisa, yetu, alitaja dada zangu, akawataja watoto wao, akajitaja yeye mwenyewe. Nilikuwa nahesabu naye kimoyomoyo, siwezi kujizuia, na nikangoja jina langu.

Akainama, akaandika: 40.

Kisha akanipa kalamu. "Na wewe andika," alisema, si kwa ukali. "Wageni wote wanaandika."

Aliingia kichakani peke yake, viatu mkononi. Mathayo alikuwa ananiangalia. Nikaandika jina langu mstari wa chini yake, na kwenye unakotoka nikaandika Singida mjini, na kwenye idadi nikaandika moja.